Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ulezi wa Watafiti Wanawake katika Tiba

Ndugu wanachama,

Naanza na kazi iliyotuchukulia muda mwingi kuliko zote, mpango wa ulezi wa kitaaluma. Watafiti chipukizi wengi sasa wana mlezi na wanakutana naye mara kwa mara. Hilo ni jema, ila tuliposoma taarifa za walezi tulikuta nasaha tele na vitendo haba. "Jitahidi kuandika." "Usikate tamaa." Daktari anayetoka zamu ya usiku wodini hana haja ya kuhimizwa ajitahidi. Anataka jina lake litajwe mradi unapotafuta mtafiti mkuu mwenza, na anataka ijulikane kabla ya data kukusanywa nani atakuwa mwandishi wa kwanza.

Ushahidi upo. Uchambuzi wa maombi karibu 24,000 ya ruzuku za utafiti wa afya nchini Kanada ulichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2019. Wahakiki walipopima zaidi mradi wenyewe, wanawake walikuwa nyuma ya wanaume katika kupata ruzuku kwa pointi 0.9 za asilimia. Walipotakiwa kumpima zaidi mtafiti, pengo likafika 4.0. Tathmini ya mtafiti mwenyewe ndiyo inayowaangusha, na wasifu anaopimwa nao hukua kwa kualikwa na kupendekezwa.

Kwa hiyo kuanzia mwaka ujao mlezi ataandika alichofanya: amempendekeza nani awe mhakiki wa jarida, amemwachia nani mhadhara aliokuwa ameombwa yeye. Walezi wanaume tunawahitaji sana, maana katika idara nyingi wao ndio wanaopanga zamu na bajeti. Tutaendelea pia kudai ulezi uhesabiwe katika kupandishwa cheo. Maprofesa wanawake ni wachache, wanabebeshwa vijana wote, kisha wanaulizwa mbona machapisho yamepungua!

Warsha za kuandika maombi ya ruzuku ziliendelea. Iliyovutia zaidi ilihusu barua za kukataliwa. Tulisoma maoni ya wahakiki mstari kwa mstari, na mwenzetu mmoja akabaini kwamba ombi alilokuwa amelitupa kabatini lilikwama kwenye hesabu ya ukubwa wa sampuli tu. Amelirekebisha na kuliwasilisha upya, majibu bado.

Hesabu za chama zimekaguliwa na zipo kwa mhazini. Ada zinachelewa, kama kawaida yetu.

Nafasi za wajumbe wa kamati ya ulezi ziko wazi. Majina yamfikie katibu kabla ya mkutano mkuu, na anayependekezwa awe ameulizwa kwanza.

Mwenyekiti