Usiwafiche wanafunzi habari za utumwa

Malindi

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Natumai wewe na watoto hamjambo, na mama anaendelea vyema. Sisi huku wazima, alhamdulillahi.

Barua yako nimeisoma na kuirudia. Kwamba mkuu wa shule amekutaka uiruke mada ya utumwa, isije ikawaumiza watoto ambao asili yao inajulikana mtaani. Naamini hakusema kwa ubaya. Sisi watu wa mwambao tumelelewa kwa stara: mtu hatajiwi asili yake hadharani, na anayethubutu huonekana hakufunzwa adabu. Stara hiyo naipenda na sitaki ituondoke. Hata Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 33 kinachotupa uhuru wa kujieleza, haikuruhusu maneno ya chuki.

Lakini shoga, kimya hiki kinamsitiri nani? Aliyetekwa kule Nyasa, akapitishwa Kilwa, akaletwa Malindi kulima mtama na ufuta wa bwana wake, ana aibu gani ya kufichiwa? Mji huu ninaokaa ulikuwa umekufa. Uliinuka tena miaka ya 1860, Sultan Majid wa Unguja alipoweka askari wake hapa, na jembe lililouinua lilishikwa na watumwa. Na si wote waliovumilia. Wako waliotoroka wakajenga kijiji chao Fuladoyo, wengine wakakimbilia Witu kwa Sultan Ahmed Simba. Walijikomboa wenyewe, miaka mingi kabla ya sheria ya Mwingereza. Mtoto akiyasikia hayo atainamaje kichwa?

Linaloniuma zaidi ni ardhi. Utumwa ulipofutwa kisheria mwambao huu mwaka 1907, fidia alilipwa bwana. Mtumwa hakupewa hata pesa moja. Mwaka uliofuata ikaja sheria ya hati za ardhi: mwenye madai aende akayaandikishe. Sasa mtu aliyelima shamba la mwingine maisha yake yote angedai nini, na kwa karatasi gani? Wagiriama nao, ambao wengi wao hawakuwahi kuwa watumwa wa mtu, wakakosa hati vilevile. Wajukuu wa hao wote tunaishi nao hapa, wanaitwa maskwota, na kila uchaguzi wanaahidiwa hati miliki. Nitamwelezaje mwanangu kwa nini jirani yetu anaweza kubomolewa nyumba wakati wowote, nisipoanzia 1907? Kuificha asili ya jirani ni adabu. Kuficha jinsi alivyokosa shamba ni kumdhulumu mara ya pili, na hilo siliwezi.

Isitoshe, kunyamaza hakujafuta kitu. Darasani hatusemi, lakini posa ikiletwa wazee wanaulizana chinichini kijana ni wa ukoo gani. Ilhali kwa sheria ya dini mtoto wa suria, yaani mtumwa wa kike aliyewekwa kinyumba na bwana wake, akikubaliwa na babake alikuwa huru na wa ukoo wa babake. Ni nyumba ngapi basi za waungwana zenye bibi aliyetoka bara!

Huko kwenu Lamu mlikuwa na mwanachuoni Habib Swaleh. Sharifu mzima, ametoka Ngazija, akakaa mtaa wa Langoni na kuwasomesha watoto wa watumwa, na wakubwa wa mji wakamlaumu kwa hilo. Leo Maulidi ya Riyadha, msikiti alioujenga, inawaleta watu Lamu kutoka pembe zote. Mkumbushe mkuu wako.

Ushauri wangu: usimwulize mtoto yeyote habari za kwao, wala usiwape zoezi la kuchora ukoo. Hapo ndipo watakapoumizana. Anza na watoro wa Fuladoyo na Witu, kisha sheria ya 1907, kisha hati za mashamba, halafu waache waulize. Mkuu akiwa bado na wasiwasi, mkaribishe aketi nyuma ya darasa asikilize kipindi chote.

Niandikie amejibu nini. Nisalimie mama na wote nyumbani.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Malindi