Wazee wetu waandikwe umri wao wa kweli

Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya jeni iitwayo FOXO3, inayohusishwa na maisha marefu, kwa sababu inawahusu wazee wa Uganda kuliko tunavyodhani.

Mimi ni mkunga mstaafu, kwa hiyo nitaieleza kama ninavyoielewa. Jeni hii hutoa protini inayosikiliza habari za chakula ndani ya seli. Tukila, insulini, homoni inayoratibu sukari mwilini, hupanda na ishara yake huitoa protini hiyo nje ya kiini cha seli. Ishara ikipungua, hurudi ndani na kuamsha jeni nyingine zinazokarabati DNA na kusafisha uchafu wa seli. Mwaka 1993 mwanasayansi Cynthia Kenyon na wenzake walionyesha kwamba mnyoo mdogo sana, jeni yake moja kwenye njia hiyo ya ishara ikidhoofishwa, huishi zaidi ya mara mbili ya kawaida. Lakini akiondolewa jeni inayolingana na FOXO3 yetu, faida yote hupotea.

Kwa binadamu, habari kubwa ilitoka Hawaii mwaka 2008. Mtafiti Bradley Willcox na wenzake walichukua wanaume wenye asili ya Japani, 213 waliofika miaka 95 au zaidi, wakawalinganisha na 402 waliofariki kabla ya 81. Waliorithi aina fulani ya FOXO3 kwa baba na kwa mama walikuwa na nafasi karibu mara tatu ya kuwa kwenye kundi la wakongwe. Mwaka uliofuata, Wajerumani wakaona dalili hiyo kwa wazee wao wa miaka mia. Haina maana kwamba jeni moja inampa mtu uzee. Malaria, shinikizo la damu na uzazi usio salama bado vinaua wenye jeni yoyote ile.

Sasa tazama: hesabu yote hiyo imesimama juu ya umri. Mama yangu, hapa Walukuba, kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1950. Malkia Elizabeth alipokuja kufungua bwawa la Owen Falls mwaka 1954, mama alikuwa ameolewa na amembeba kaka yangu mgongoni. Aliyemwandikisha alimtazama usoni, akakadiria. Kwa hiyo hapati zile shilingi 25,000 za kila mwezi wanazolipwa na serikali wazee wa miaka 80 na kuendelea, na hata mtafiti akija kesho atamweka kundi lisilo lake. Jambo hili linaniuma sana.

Uwezo wa kuchunguza tunao. Kule Kyamulibwa, kusini-magharibi mwa Uganda, watafiti wamefuatilia vijiji tangu 1989, na mwaka 2019 zilichapishwa taarifa za jeni za Waganda wapatao 6,400. Naomba wakongwe wafuatwe kwa makusudi namna hiyo, na kwanza umri wao uhakikiwe: vitabu vya ubatizo vya parokia vifunguliwe, mashehe wa misikiti waulizwe, na mzee mwenyewe apewe muda aseme alikuwa na ukubwa gani Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, aliporudi kutoka uhamishoni 1955. Wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, wanawajua wazee wao nyumba kwa nyumba. Kazi hiyo ianze mwaka huu, kwa sababu mashahidi wa umri wao ni wazee wenzao, na tunawazika kila wiki.

Mkunga mstaafu,
Walukuba, Jinja