Tulipokopa Mashariki na Magharibi, karatasi ilikuwa moja

Mhariri,

Kila Oktoba inapokaribia, baraza za Kisumu hurudia mjadala ule ule: Kenya ilipokuwa changa, Jaramogi Oginga Odinga aliivuta Mashariki, Tom Mboya akaivuta Magharibi, mwishowe Jomo Kenyatta akaamua. Masimulizi hayo ni matamu, na kiasi chake ni kweli. Ila yanawabebesha watu watatu mzigo wote na kuisahau mikataba. Methali ya fahali wawili na nyasi nayo hutajwa mno. Nyasi hazikuwahi kuketi mezani kutia sahihi, sisi tuliketi.

Chukueni hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapa Kisumu, ile ambayo makanga wa matatu hadi leo anaiita "Russia". Ilitokana na makubaliano yaliyofuata safari ya Odinga na Joseph Murumbi huko Moscow na Beijing mwaka 1964. Msaada wa Wasovieti ulikuwa na mifuko miwili. Katika mfuko wa zawadi mlikuwa na hospitali hii pamoja na chuo cha ufundi. Katika mfuko wa mkopo mlikuwa na orodha ya viwanda. Masharti ya kawaida ya mikopo ya Kisovieti enzi hizo yalikuwa riba ya asilimia 2.5 na miaka 12 ya kulipa, nafuu kuliko benki yoyote ya London. Mbona basi hospitali ikasimama na viwanda vikabaki kwenye karatasi?

Jibu liko kwenye kitu kinachoitwa gharama za ndani. Kiwanda hakijengwi kwa mashine tu. Kuna mchanga, kokoto, saruji, usafiri na ujira wa vibarua kila Jumamosi, na vyote hivyo hulipwa kwa shilingi. Wasovieti hawakuwa na shilingi, na rubo yao haikuuzwa katika soko la fedha. Njia yao ilikuwa hivi: walete bidhaa zao kwa mkopo, serikali ya Kenya iziuze madukani, shilingi zitakazopatikana ziende kulipa vibarua. Bidhaa zisipouzika, au zikiwa ghali kuliko zilizo sokoni tayari, mashine hukaa bandarini na vibarua hurudi nyumbani. Tena deni la zile bidhaa liko pale pale. Hazina yetu haikuipenda njia hiyo, na sioni kwamba kukataa huko kulihitaji chuki dhidi ya ukomunisti. Karani yeyote wa hesabu angeuliza: nani atazinunua?

Lakini tusiwasute Wasovieti peke yao. Wazee wanaokumbuka mahindi ya manjano ya ukame wa 1965 walikula mkopo wa namna ile ile bila kuambiwa. Sheria ya Marekani namba 480 ya mwaka 1954 iliruhusu serikali rafiki kupewa nafaka ya ziada ya Marekani na kuilipia kwa fedha za nchi yake. Nafaka ikauzwa, fedha zikawekwa kando kwa matumizi ambayo Marekani ilikuwa na kauli ndani yake. Sheria nyingine ya mwaka huo huo ilidai angalau nusu ya shehena za aina hiyo zisafirishwe kwa meli zenye bendera ya Marekani, ambazo nauli yake ilikuwa juu. Tofauti na bidhaa za Kisovieti ni moja tu: mtu mwenye njaa hununua unga hata kama rangi yake haimpendezi.

Na Uingereza? Hii ndiyo inayonishangaza kwamba haizungumzwi Lugari, Kitale wala Nakuru, penye watu walioiishi. Mpango wa ekari milioni moja ulinunua mashamba ya walowezi na kuwagawia Waafrika katika skimu. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka serikali ya Uingereza, nyingine Benki ya Dunia na Ujerumani Magharibi. Fedha za Uingereza zilikopeshwa Kenya, Kenya ikamlipa mlowezi Mwingereza, naye akaondoka nazo. Mwenye skimu akabaki na shamba na kitabu cha deni cha miaka 30. Hakuna manowari iliyohitajika hapo.

China ilitoa kwa namna yake: mwaka 1964 iliahidi zawadi ya takriban dola milioni 3 na mkopo usio na riba wa dola milioni 15. Kufikia 1967 uhusiano ulikuwa umeharibika, na mwakilishi wa ubalozi wake akafukuzwa Nairobi.

Silaha ni mfano mkali zaidi, kwa sababu silaha za pande mbili hazichanganyiki. Tarehe 24 Januari 1964, wiki sita tu baada ya uhuru, askari wa kikosi cha 11 cha Kenya Rifles waliasi katika kambi ya Lanet, Nakuru, wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Waliotuliza uasi huo walikuwa wanajeshi wa Uingereza. Toka hapo jeshi likaendelea kufundishwa na kupewa zana na Waingereza. Aprili 1965 meli ya Kisovieti Fizik Lebedev ilitia nanga Mombasa na silaha pamoja na wakufunzi wa kijeshi. Kenyatta akazikataa, akisema ni kuukuu na hazifai.

Siasa ilikuwamo, tena nyingi. Hata hivyo afisa wa stoo ya silaha angekuwa na sababu zake. Risasi ya Kisovieti na ile ya nchi za Magharibi zote huandikwa 7.62, ila ganda la kwanza lina urefu wa milimita 39 na la pili 51. Huwezi kuazima hata moja. Nati za vifaru na malori ya Kisovieti ni za milimita, wakati karakana zetu za miaka hiyo zilijaa spana za inchi za Kiingereza. Kuchukua silaha za upande wa pili kunamaanisha stoo mbili, mafundi wa aina mbili na vitabu vya lugha mbili. Ukishachagua wa kwanza, vipuri vinakufunga kwake miaka 20, hata waziri akihubiri sera ya kutofungamana na upande wowote kila Jumapili.

Wanafunzi walipita pale pale. Waliopanda ndege za Mboya kwenda Marekani kuanzia 1959 walisoma kwa Kiingereza walichokijua. Waliopitia Cairo kwenda kwa Wasovieti kwa msaada wa Odinga walianza kwa karibu mwaka mzima wa kujifunza Kirusi, na waliporudi vyeti vyao vilitazamwa kwa jicho la kando, kwa kuwa waliokaa kuvipima walilelewa katika mfumo wa Uingereza.

Kuhusu tarehe 25 Oktoba 1969, Kenyatta alipokuja kuifungua rasmi hospitali ya Russia na risasi zikapigwa juu ya umati, serikali ilitaja vifo 11, hesabu ambayo Kisumu haijawahi kuikubali. Siku tano baadaye chama cha upinzani cha Odinga, KPU, kilipigwa marufuku. Damu ile ni ya Wakenya na waliofyatua risasi ni Wakenya. Moscow na Washington hazikuwa na kidole kwenye kifyatulio, na wanaolaumu vita baridi kwa siku hiyo wanawapunguzia mzigo wenye mzigo.

Sasa nije kwenye reli na barabara, maana lugha ya "Mchina" na "Mzungu" imerudi.

Mikataba ya mikopo ya China kwa reli mpya ya SGR kutoka Mombasa, iliyotiwa sahihi Mei 2014 na kuonyeshwa umma Novemba 2022 tu, ina mifuko miwili kama ile ya 1964. Mmoja ni takriban dola bilioni 1.6 kwa riba isiyobadilika ya asilimia 2, miaka 20, na katika 7 ya kwanza hulipi deni lenyewe. Wa pili, wenye kiasi kama hicho, ni wa miaka 15 na riba yake ni asilimia 3.6 juu ya LIBOR, kiwango cha benki za London. Mkopo wa Beijing, kipimo cha London! Mwaka 2014 LIBOR ya miezi sita ilikuwa karibu asilimia 0.3, hivyo jumla haikufika 4. Mwaka 2023 ilipita 5, jumla ikakaribia 9. Mwaka 2025 Wizara ya Fedha ilihamisha madeni hayo kutoka dola kwenda yuan ili kukwepa riba ya namna hiyo. Ugomvi wowote husuluhishwa Beijing. Na sote tumekuwa tukichangia kupitia ushuru wa reli kwa bidhaa za kutoka nje ulioanza 2013, hata mama anayenunua mitumba Kibuye.

Halafu kuna vipimo. Reli yetu ya zamani kutoka Nakuru hadi Kisumu ina upana wa milimita 1,000. SGR ina 1,435. SGR ilifika Naivasha mwaka 2019 ikasimama, kwa kuwa mkopo wa kipande cha kuja Kisumu haukupatikana. Kontena la kuja huku kwa reli lazima libadilishwe mabehewa kwa kreni njiani, na kila kubadilisha ni saa na pesa.

Kifungu kilicholeta kelele zaidi katika SGR ni ahadi ya bandari kuipa reli kiwango cha chini cha mizigo, kisipofika, bandari ilipe. Matokeo yake, hadi amri ilipoondolewa 2022, yalikuwa makontena kulazimishwa kwenye reli na madereva wa trela wa Salgaa kukaa bila kazi. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit ilipopewa kampuni za Ufaransa mwaka 2020, hatari ya magari kuwa machache iliachiwa serikali. Tofauti ya bendera, kifungu kile kile. Mkataba huo umevunjwa, na kazi sasa iko kwa kampuni za China, mojawapo ikishirikiana na NSSF, yaani akiba ya uzeeni ya wafanyakazi.

Ombi langu kwa gazeti lako ni dogo. Kabla kibanda cha kwanza cha kutoza ada hakijafunguliwa karibu na Nakuru, chapisheni kwa Kiswahili vifungu vitatu vya mkataba mpya: nani analipa magari yakipungua, ada inapanda kwa fomula gani, na kesi itasikizwa mji gani. Ukurasa mmoja unatosha.

Mwalimu wa Historia,
Kisumu