Barua kwa Dada, Baada ya Kumaliza Kitabu cha Zimwi

Dada Rehema,

Shikamoo. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara mbili za kwanza niliukata ulipofika kwenye habari za wakili. Mara ya tatu nikauacha uende mpaka mwisho, pale uliposahau kuzima ukaanza kumgombeza Kito, na nyuma yako nikausikia mlango wa uani ukilia vilevile. Kumbe hadi leo hakuna aliyeutia mafuta. Nilikaa kitandani na simu mkononi kama mtu aliyepigiwa na mlango.

Unasema nimewatupa. Miezi mitatu siandiki, sipigi, na nikipigiwa naahidi kupiga baadaye. Sina la kujitetea. Mimi mzima, baridi nimeizoea, kazi ya usiku ipo na si nzito. Hela ya Upendo nimetuma jana. Ile nyingine, ya wakili, sijatuma, ndiyo maana unapata barua ndefu hivi. Isome hadi mwisho kabla hujampelekea Baba mdogo.

Nianze kwa kujisifu, maana nisipojisifu kwako nitajisifu kwa nani. Muhula huu tumesoma zile riwaya wanazoziita za Kigothi: majumba ya kale, makaburi, dhoruba za usiku, siri za ukoo zilizofungiwa chumbani. Nikaandika insha juu ya Frankenstein ya Mary Shelley, nikapata alama ya juu kuliko darasa zima, na mhadhiri akasimama akasoma ukurasa wangu mbele ya watu. Ukurasa mzima, dada! Mimi niliyechekwa matamshi wiki ya kwanza! Mwambie Mama. Na yule aliyesema fasihi ni ya waliokosa hesabu, mwambie kwa sauti kubwa kidogo.

Kito naye umwambie kiumbe wa humo, yule zimwi, hana vyuma shingoni, wala si wa kijani. Hayo ni ya sinema. Kitabuni ana urefu wa futi 8, ngozi ya manjano inayobana misuli na mishipa bila kuisitiri vizuri, nywele nyeusi za kung'aa, meno meupe kama lulu. Na hana jina. Frankenstein ni jina la mwanafunzi aliyemuumba, Victor Frankenstein.

Mwanafunzi, ndiyo. Hapo ndipo kitabu kiliponinasa. Nilitegemea kisa cha mzee mchawi, nikakuta kijana wa Geneva, mtoto wa kwanza kwao, anapelekwa mbali kusoma chuo kikuu cha Ingolstadt, Ujerumani, mama yake akiwa amefariki juzijuzi. Akifika anajifungia chumba cha juu na viungo vya maiti, karibu miaka miwili, na nyumbani haandiki. Baba yake alishamwambia kwamba akinyamaza, atachukulia kuwa na wajibu wake mwingine ameutupa. Victor anayakumbuka maneno hayo, na bado haandiki. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu nikakisukumia chini ya mto. Wakati huo nilikuwa na jumbe zako mbili sijazisikiliza.

Halafu kitabu chenyewe ni barua. Kinaanza na mtu anaitwa Walton, anayetaka kufika Ncha ya Kaskazini, akimwandikia dada yake Margaret aliyebaki Uingereza. Barua ya kwanza inatoka St. Petersburg, na sentensi yake ya kwanza kabisa inamtuliza dada: utafurahi kusikia kwamba hakuna baya lililotokea katika safari hii uliyoiogopa. Nilicheka peke yangu maktabani mpaka watu wakageuka. Hiyo si ndiyo barua yangu ya kila siku? "Mimi mzima, baridi nimeizoea." Barua ya Walton inaelekea Uingereza, yangu inatoka Uingereza, uongo ni ule ule.

Margaret hajibu hata mara moja. Walton anakwama kwenye barafu, anamwokota Victor akiwa nusu mfu, anaandika kisa chote usiku kwa usiku, na sisi wasomaji hatusikii neno la dada mtu. Insha yangu ilikuwa juu yake. Darasani walibishana juu ya nani hasa zimwi, na karibu wote wakasema Victor. Jibu rahisi mno, kwa maoni yangu. Kiumbe alimnyonga William, mdogo wake Victor, mtoto wa kuchezea nje, akamtilia msichana wa watu ushahidi mfukoni, na huyo Justine akanyongwa bila kosa. Simtetei. Nilichosema ni kwamba kesi yote inaletwa mbele ya dada mmoja aliyekaa nyumbani, na ndiye tunayetakiwa kukaa kwenye kiti chake.

Basi kaa, nikusomee.

Ni usiku wa Novemba, mvua inapiga vioo, mshumaa umekaribia kwisha. Kiumbe anafungua jicho. Hajafanya lolote, hajasema lolote. Victor anamwona mbaya, anakimbilia chumbani kwake, analala. Akizinduka anakuta kiumbe amefunua pazia la kitanda, anamtazama, taya zinahangaika kutoa sauti, na mkono mmoja ameunyoosha. Unajua Victor alifanyaje? Aliteremka ngazi mbio akaenda kujificha uani mpaka kukacha.

Uani, Rehema.

Wewe siku ile ulikuwa shule. Hujawahi kuniuliza, nami sijawahi kusema. Yona alikuja peke yake. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi hadi kola imesimama. Nadhani alikuwa na miaka kumi na mbili, mimi minane. Akabisha hodi, nikafungua, akauliza kama Baba yupo. Nikageuka. Baba alikuwa nyuma yangu pale kwenye korido, akaweka kidole mdomoni, akabeba viatu mkononi, akatokea mlango wa uani. Na mlango ukalia. Yona aliusikia, nilimwona usoni kwamba ameusikia. Nikamwambia, "Baba hayupo." Akasema, "Haya, mwambie nilikuja," akanipa mkono kama mtu mzima.

Paji la uso lile lilikuwa la Baba. Hata mtoto wa miaka minane aliliona.

Tafadhali usije ukamwambia Yona nimemfananisha na zimwi. Yeye hajamgusa mtu. Lakini kuna sehemu nyingine katika kitabu hiki imenisumbua kuliko ile ya kitandani. Kiumbe anajificha kwenye kibanda kilichoegemea nyumba ya familia moja maskini, anawachungulia kwenye ufa, anajifunza lugha kwa kuwasikiliza. (Mimi nami hivi Kiingereza cha huku nimekijulia ukutani, jirani zangu wanagombana vizuri sana.) Usiku anawakatia kuni anawawekea mlangoni, anawaondolea theluji njiani. Wao wanadhani ni roho njema. Siku anayojitokeza anachagua wakati mzee wa nyumba yuko peke yake, kwa sababu mzee ni kipofu na hatamhukumu kwa sura. Mzee anamkaribisha, wanazungumza. Ndipo vijana wanarudi, na Felix anampiga kwa fimbo. Kiumbe angeweza kumrarua vipande viwili. Hakunyanyua mkono. Akaondoka.

Mama alipolazwa, nyote mnajua damu ilitoka kwa nani. Mama mpaka leo hajaambiwa.

Nimemsoma na mwandishi mwenyewe, kwa sababu sikuelewa msichana wa miaka 18 aliyatoa wapi haya. Wanapenda kusimulia kwamba alianza kuandika mwaka 1816 karibu na ziwa la Geneva, mlima Tambora wa Indonesia ukiwa umelipuka mwaka uliotangulia na vumbi lake likafifisha jua hadi Ulaya ikakosa kiangazi. Mvua ikawafungia ndani yeye na wenzake, na mshairi Byron akapendekeza kila mtu atunge hadithi ya mizimu. Ni simulizi tamu, na ni kweli. Mimi nilinaswa na mambo ya nyumbani kwake. Mama yake alikufa kabla mtoto hajatimiza wiki mbili. Alipotoroka na mshairi Percy Shelley, mtu mwenye mke, mwaka 1814, baba yake alikataa kumtia machoni, ila hela za Percy aliendelea kuziomba bila aibu. (Usicheke. Au cheka, mimi nilicheka.) Mwaka 1815 alijifungua binti kabla ya wakati, kichanga kikafa baada ya siku chache tu. Akaandika katika shajara kwamba ameota mtoto amefufuka, kumbe alikuwa amepoa tu, wakamsugua mbele ya moto akaishi. Halafu akaamka.

Kitabu kikatoka Januari 1818, nakala 500, bila jina la mwandishi. Wengine wakadhani ni cha Percy. Jina la Mary likaja kuwekwa kwenye toleo la Kiingereza la 1823. Na lile toleo la kwanza alikuwa amelitabaruku kwa baba yake, yule yule. Mwaka 1831 akakiandikia utangulizi mpya, akakiita mzao wake wa kutisha, akakiambia kitoke kikafanikiwe. Hilo ndilo Victor alilokataa kumwambia kiumbe wake maisha yake yote, na mama huyu amelisema kwa sentensi moja.

Sasa wakili. Wakili wa nini, dada? Umesema kwa mdomo wako kwamba Yona hakuomba nyumba wala kiwanja. Anataka Baba atie sahihi ili cheti chake kisomeke kwa jina la Baba, basi. Mwaka jana kwenye kile kikao mliniweka kwenye spika, Baba mdogo akasema huyu kijana hatumjui, akaniuliza na mimi. Nikajibu, "Simjui." Nilisema hivyo. Katika kesi ya Justine, Victor alikaa mahakamani akijua ukweli wote akanyamaza, akijiambia kwamba hakuna atakayemwamini. Nilipomsoma nilimdharau kwa kurasa tatu hivi, kisha nikaikumbuka spika.

Baba mdogo atasema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na huyu hatujui, kwa hiyo afadhali kumzuia mapema. Wa kitabuni alimjua Victor kuliko mtu yeyote, na ni kweli hakumla yeye. Alimaliza waliomzunguka, mmoja baada ya mwingine, mpaka usiku wa harusi. Na kabla ya hapo alikuwa ameomba jambo moja tu, kwa maneno mazuri, milimani kwenye barafu, akikumbusha kwamba alikuwa mwema na mateso ndiyo yaliyombadilisha. Sisemi Yona atafanya kitu. Nasema ameomba kwa adabu mara mbili sasa, na mara zote mbili jibu limekuwa mlango wa uani.

Watu wengi humwita kiumbe yule Frankenstein, na wasomi huwasahihisha kwa furaha kubwa. Hata mimi nilimsahihisha mwenzangu wiki ya kwanza. Siku hizi simsahihishi mtu. Angeitwa nani mwingine?

Kwa hiyo hela ya wakili kwangu haitoki. Nimeongeza kiasi hicho hicho kwenye ya kliniki ya Mama, imeshaingia, angalia simu yako. Kama Baba mdogo anataka wakili amlipe mwenyewe. Baba nitampigia Jumapili, nimuulize mimi, wewe usimtangulie. Nitaanzia kwenye viatu. Akikata simu nitapiga tena.

Nilikuwa nimeandika hapa aya nzima juu ya jinsi ninavyowakumbuka, nimeifuta, ilikuwa na kilio. Theluji inaanguka dirishani na watoto wa huku wanaishangilia kama sikukuu. Mlango ule msiutie mafuta kwanza.

Nitumie namba ya Yona. Najua unayo.

Mdogo wako,
Elia