Barua kwa Mama Rukia: kuruka gredi ya 4

Kisauni, Mombasa

Mama Rukia, shoga yangu,

Salamu kwenu nyote huko Likoni. Kumbe shule iko tayari kumtoa Rukia gredi ya 3 na kumtia ya 5 Januari. Usikubali bado.

Hizo alama 98 kwa 100 alizopata ni za mtihani wa darasa lake. Zaonyesha ameyamaliza ya gredi ya 3. Ya 4, ambayo ndiyo anarushwa, hazisemi lolote. Omba karatasi za mwisho wa mwaka za gredi ya 4: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili na Sayansi. Azifanye asubuhi, kwa muda uleule wa darasani, bila tuisheni kabla. Mtoto aliyekaririshwa wiki mbili hufaulu karatasi akaja kukwama Februari. Chini ya 80 kwa 100, mimi nisingemrusha. Kisha pitia makosa moja moja. Akikosea kwa pupa, si neno. Akikosa desimali zote, hilo ni pengo, na mwalimu wa gredi ya 5 hana nafasi ya kurudi nyuma. Mpe na insha aandike pia: wasomaji wepesi wengi hawamalizi, mkono haujazoea.

Gredi yenyewe mmechagua mbaya. Ya 4 ndipo masomo yanapoongezeka, na tathmini zake za shuleni alama hupelekwa KNEC, baraza la mitihani. Muulize mwalimu mkuu hilo pengo la mwaka mzima litajazwaje kabla ya KPSEA, mtihani wa taifa wa gredi ya 6. Kuruka ya 2 kungekuwa rahisi, lakini imeshapita.

Halafu kaka yake. Yuko ya 4 sasa, kwa hivyo Januari watakutana darasa moja. Kipimo cha Iowa, ambacho walimu wa Marekani hukitumia kwa uamuzi huu, hakikubali kabisa hilo, wala kumrusha mtoto asiyetaka. Rukia mwenyewe mmemuuliza? Muulize yeye wakati babake hayupo, tafadhali.

Mimi ningemwacha aingie ya 4, hesabu pekee akasome na ya 5, mkondo asiokuwemo kaka yake. Vipindi vya hesabu vya madarasa hayo mawili lazima viwe saa moja kwenye ratiba, basi liombe hilo kabla shule hazijafungwa Oktoba. Chuoni kwa Kurani mbona hufanywa kila siku: amalizaye juzuu huendelea, umri haulizwi. Baada ya wiki sita litazame daftari lake la hesabu mwenyewe, usitosheke na ripoti.

Karatasi zikishasahihishwa nitumie, tuzipitie pamoja.

Wako,
Mama Salim