Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Kigoma

Ndugu wanachama,

Habari za ada na matumizi mtazisikia kwa mhazini, karatasi anazo. Mimi nitasema juu ya jambo moja lililotushughulisha mwaka huu: wageni wanaoruka angani kwa starehe, na kwa nini baadhi yao hulipa tena kwa kitu walichokwisha kukiona.

Wengi wetu wenye boti na nyumba za wageni tuliamini kwamba mtu akishaliona ziwa kutoka juu mara moja, kiu imekwisha. Sivyo. Septemba 2020, Australia ikiwa imefunga mipaka kwa sababu ya korona, shirika la Qantas liliuza safari ya saa saba iliyoanzia Sydney na kuishia palepale Sydney. Tiketi ziliisha ndani ya dakika 10. Abiria hawakuwa wanakwenda popote. Walinunua kuruka kwenyewe, na dirisha.

Puto la hewa moto linalorusha wageni Serengeti linatufunza zaidi. Halina usukani. Rubani hupanda na kushuka akitafuta upepo wa kumpeleka anakotaka, kwa kuwa wa chini na wa juu huweza kwenda njia tofauti, na huruka alfajiri hewa ingali tulivu. Kwa hiyo safari ya leo si ya jana, na mgeni anayerudi hanunui kitu kilekile. Tena, kwa tulivyozungumza nao, aghalabu harudi peke yake: sasa yuko na mama yake, au na mtoto ambaye mara ya kwanza alikuwa mdogo mno. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa, kuliko hata mandhari.

Kigoma hatuna puto. Tuna ndege ndogo zinazotua kandokando ya Mahale, hifadhi ya taifa tangu 1985, ambamo hakuna barabara za magari. Kutoka angani mgeni anaona kilele cha Nkungwe, mita 2,462, na msitu ukiteremka mpaka mchangani. Lakini Agosti na Septemba moshi wa mioto ya nyika huficha milima ya Kongo ng'ambo; mvua zikishika, anga husafika. Tumwambie mgeni hivyo kabla hajalipa. Aliyeambiwa ukweli atataka kuja tena msimu mwingine. Aliyeonyeshwa picha za Desemba akaletwa Septemba, huyo tumempoteza, pamoja na jamaa zake.

Na jamani, boti ya kumpokea mgeni ifike kabla ya ndege kutua. Kuna mgeni aliyeachwa juani akisubiri, na mpaka anaondoka hakuzungumza kingine.

Kamati inapendekeza kila mwanachama awe na daftari: mgeni alikuja mwezi gani, na nani, na nini hakukiona. Tutalipigia kura baada ya chakula.