Na wale waliokuwa zamu je?

Mhariri, naomba nafasi niseme hili jambo la polisi maana limenikaa rohoni. Kila askari akiua mtu tunaongea tu juu ya yule aliyepiga au aliyefyatua risasi, wale wenzake waliokuwa zamu siku hiyo hakuna anayewauliza kitu.

Mimi nimezaliwa na kulelewa kwa laini za polisi, yaani nyumba za askari, baba alikuwa konstebo, kwa hivyo siandiki kama mtu anayechukia polisi. Kuna usiku alirudi nyumbani akakataa kula, kumbe mshukiwa amepigwa vibaya kituoni na mkubwa anataka baba aandike kwa OB, kile kitabu cha matukio cha kituo, ati alifikishwa pale akiwa ameshapigwa na raia. Baba akakataa. Hata mwezi haukuisha akapewa transfa mbali sana na sisi tukatolewa kwa nyumba kwa sababu ni ya kazi, na majirani wote walijua ni kwa nini lakini hakuna hata mmoja alikuja kutusaidia kubeba vitu. Hawakuwa watu wabaya, waliogopa.

Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa wakitoka korti ya Mavoko, na kosa la Mwenda ni kumshtaki askari aliyekuwa amempiga risasi. Walifungiwa seli ya kambi ya AP, polisi wa utawala, pale Syokimau. Si msituni, ni kambi ya polisi! Kimani akaandika ujumbe kwa tishu akautupa nje kwa dirisha, na aliyeokota akapigia familia simu ni raia tu aliyekuwa anajipitia. Wiki moja baadaye miili ikatolewa mtoni kule Ol Donyo Sabuk ikiwa kwa magunia. Tulingoja hadi Julai 2022 ndio maafisa watatu na infoma mmoja wakapatikana na hatia, na Februari 2023 mmoja wa maafisa hao, Fredrick Leliman, akahukumiwa kifo, wengine miaka 20 hadi 30. Nashukuru korti kwa hilo. Lakini kambi huwa na geti, na sentri, na mtu wa kushika funguo za seli, sasa nani aliona watu watatu wanaingizwa na akauliza hawa ni kina nani?

Halafu Juni 2025 mwalimu Albert Ojwang akashikwa kwao Homa Bay juu ya mambo ya mtandaoni kuhusu afisa mkubwa wa polisi, akasafirishwa hadi kituo cha polisi cha Central Nairobi, na baba yake alifika huko akiwa na hati ya shamba ya kumtolea dhamana akaambiwa kijana amekufa. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani. Daktari aliyepasua maiti akasema hapana, ameumizwa kichwa, amekabwa shingo na mwili wote una majeraha. IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, nayo ikaeleza Seneti kwamba mahabusu wa seli ya karibu walisikia mayowe. Kesi iko kortini na siwezi kuihukumu mimi, lakini baba yangu aliposikia hiyo habari kwa redio aliuliza swali moja tu, "OB ilikuwa na nani usiku huo?"

Na msiniambie ati askari mdogo hana la kufanya mkubwa akiamuru. Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011, jedwali la sita, inasema wazi kwamba amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Kwa hivyo aliyesikia mayowe akanyamaza, aliyeandika uongo kwa OB, aliyezima kamera, wote wapelekwe mbele ya hakimu kama aliyepiga.

Lakini pia tuwalinde wanaosema ukweli, na hapa ndipo naona serikali imelala kabisa. Askari akishaandikisha taarifa kwa IPOA, tume ya huduma ya polisi ikataze mtu yeyote kumpa transfa au kumtoa kwa nyumba mpaka kesi iishe, na iandikwe iwe sheria, isiwe huruma ya bosi fulani. Naomba mbunge yeyote anayesoma barua hii alipeleke bungeni. Baba yangu alistaafu akiwa konstebo vile vile, na yule mshukiwa hatujawahi kujua alienda wapi.

Mtoto wa Laini,
Nakuru